Karatasi za mazoezi za kuprinti: mtoto anapata zote, ila akiambiwa aandike mwenyewe anakwama. Tatizo liko wapi?

#1 Mama_Wawili
Wakuu, salaam. Naomba mawazo yenu.

Binti yangu yuko darasa la tatu. Jioni huwa namprintia karatasi moja au mbili: ufahamu mfupi, jaza nafasi, umoja na wingi, panga maneno yawe sentensi. Anazimaliza upesi na anapata karibu zote. Faili lake limejaa vema. Lakini nikimpa karatasi tupu nikamwambia "niandikie kuhusu mvua ya leo", anakaa na penseli mkononi, mwisho wa yote anaandika: "Mvua ilinyesha. Mvua ilinyesha sana. Mvua ni nzuri." Basi. Na akikutana na hadithi ya kurasa kadhaa, anachoka kabla ya kufungua ukurasa wa pili.

Nimeanza kuamini kwamba hizi karatasi zinamfundisha kujaza karatasi, si kusoma wala kuandika. Kuna mwenye maoni tofauti? Na kama nipo sahihi, karatasi nzuri inakuwaje?

#2 Chaki_Nyeupe
Karibu. Weka hapa karatasi moja kama ilivyo, neno kwa neno. Bila kuiona tutakuwa tunabahatisha.

#3 Mama_Wawili
Hii ni ya juzi:

Jaza nafasi kwa *ki* au *vi*.
1. Kiti ___mevunjika.
2. Vitabu ___meanguka.
3. Kikombe ___mejaa.
4. Viatu ___melowa.

Inaendelea hivyo hadi 10. Alipata zote.

#4 Chaki_Nyeupe
Nilihisi hivyo. Hapo mtoto hahitaji kujua chochote kuhusu ngeli. Anaangalia silabi ya kwanza ya nomino, anaihamishia kwenye nafasi, anaenda namba inayofuata. Hata asiyejua maana ya "kikombe" atapata.

Mpe hizi kesho, bila kumpa ki au vi za kuchagua:

1. Kifaru ___melala.
2. Chumba ___mefagiliwa.
3. Viongozi ___mekutana.
4. Vyumba ___na giza.
5. Kijana ___nasoma.
6. Kijiko ___mepotea.

Akiandika "kifaru kimelala" na "chumba chumefagiliwa", utajua alikuwa ananakili silabi. Akiandika "kifaru amelala" na "chumba kimefagiliwa", basi kanuni anayo na tatizo tulitafute kwingine. Usimwambie kama kuna mtego.

#5 Babu_Imla
Chaki, nakubali lakini si kwa asilimia zote. Karatasi ya kitu kimoja mara kumi ina kazi yake. Mtoto anayekutana na ki/vi kwa mara ya kwanza akimwagiwa kifaru, chumba na viongozi siku hiyo hiyo, anachanganyikiwa na kuchukia somo. Nimefundisha madarasa ya chini miaka mingi, nimewaona. Kwanza kitu kimoja mpaka mkono uzoee, halafu unachanganya. Kosa la watengenezaji wa hizi karatasi ni kuishia hatua ya kwanza, kwa sababu ndiyo rahisi kutengeneza. Unabadilisha nomino tu, ukurasa umekwisha.

#6 Penseli_HB
Nakazia #5. Utafiti wa mazoezi yaliyochanganywa upo, Rohrer na Taylor waliandika mwaka 2007. Wanafunzi waliofanya maswali ya aina tofauti yaliyochanganywa walikosea zaidi wakati wa mazoezi, ila mtihani ulipokuja baadaye wakawapita waliofanya ya aina moja kwa mfululizo. Ila ule ulikuwa wa hisabati na watu wazima wa chuo, kwa hiyo tusiubebe mzima mzima kwenye ngeli za darasa la tatu.

Kinachonivutia mimi ni hiki: karatasi inayopendeza mzazi (vema tupu) inaweza kuwa ndiyo inayofundisha kidogo kuliko zote.

#7 Msomaji_Wa_Usiku
Tuhamie kwenye ufahamu, maana huko ndiko kuna ugonjwa mkubwa zaidi. Someni kifungu hiki kisha mjibu maswali.

*Mbwiru alimkenza mjovi kule shembeni. Mjovi alivuza sana. Kesho yake, Mbwiru alirudi na vitozi viwili.*

a) Nani alimkenza mjovi?
b) Alimkenza wapi?
c) Mbwiru alirudi na vitozi vingapi?
d) Kwa nini mjovi alivuza?

Maneno makuu ya hapo (mbwiru, kenza, mjovi, shembeni, vuza, vitozi) nimeyabuni, hayana maana yoyote. Lakini a, b na c mmeyapata bila kusita, kwa sababu viambishi vya Kiswahili vinawaambia nani ni mtendaji, nani ni mtendwa na wapi ni mahali. Swali la d ndilo pekee linalodai uelewe. Sasa chukueni karatasi yoyote ya ufahamu mliyonayo nyumbani mhesabu: maswali mangapi ni ya aina ya a-c, mangapi ni ya d?

#8 Dada_Kitabu
Mkuu #7, nimejibu matatu kwa kujiamini kabisa, sasa roho yangu haitulii mpaka nijue mjovi alipona au la 😂

#9 Msomaji_Wa_Usiku
Dada, subiri toleo la pili.

Kwa umakini sasa. Kumrekebisha mtoto hapa ni rahisi na hakuhitaji printa mpya. Mfano:

*Asha alifika mlangoni. Akatazama sakafu iliyopigwa deki, akavua viatu vyenye tope, akavibeba mkononi hadi chumbani.*

Swali bovu: Viatu vya Asha vilikuwa na nini? Jibu linaokotwa tu, "tope".
Swali zuri: Kwa nini Asha alivibeba viatu mkononi? Jibu halijaandikwa popote. Lazima mtoto aunganishe tope, deki na sakafu. Akijibu "ili asichafue", ameelewa. Akijibu "kwa sababu vilikuwa na tope", amekaribia, unamuuliza "kwa hiyo?".

#10 Fundi_Maneno
Kuna kanuni ya Gough na Tunmer ya mwaka 1986 inayoeleza hili vizuri. Walisema kusoma ni jumla ya vitu viwili: uwezo wa kutamka maandishi na uwezo wa kuelewa lugha. Binti wa Mama_Wawili ana kimoja, ajazie kingine.

#11 Penseli_HB
Fundi, si jumla. Walisema ni zao, yaani kimoja mara kingine. Tofauti ni kubwa. Ingekuwa jumla, mtoto mwenye kutamka kwa 10 na kuelewa kwa 0 angekuwa na 10. Kwa kuzidisha ana 0. Ndiyo maana mtoto anaweza kusoma kwa sauti nzuri ukurasa mzima na asijue umehusu nini.

#12 Fundi_Maneno
Hata hivyo hoja yangu inabaki pale pale, na kuzidisha kunaipa nguvu zaidi. Tusimtwishe mtoto karatasi za silabi ikiwa kutamka anaweza. Kiswahili kina irabu tano, kila moja na sauti yake, na maandishi yanafuata matamshi. Mtoto wetu akishajua silabi anasoma neno lolote, hata asilolijua. Seymour na wenzake mwaka 2003 walilinganisha watoto wa lugha 13 za Ulaya: wale wa lugha zenye tahajia nyoofu, kama Kifini, walikuwa wanasoma maneno karibu bila kosa mwisho wa mwaka wa kwanza, huku wa Kiingereza wakiwa nyuma sana. Sasa karatasi nyingi za kuprinti zinatafsiriwa kutoka kwenye mifano ya Kiingereza, ambako mtoto anahangaika na herufi zisizotamkwa. Tunawapa wa kwetu dawa ya ugonjwa wasiokuwa nao.

#13 Babu_Imla
Polepole. Kiswahili ni rahisi kusoma, ndiyo, lakini si rahisi kama unavyosema. Njoo kwenye imla uone: ng na ng', dh na th, gh na g, l na r. "Kalamu" na "karamu". "Ng'oa" bila kibainishi ni neno jingine kabisa. Na ugumu wetu uko kwenye urefu. Soma hili: *hawakutuambia*. Neno moja, silabi 7, na ndani yake mna kukanusha, watendaji, wakati uliopita, watendwa na kitendo chenyewe. Mtoto akifika "-mbia" amesahau "ha-" ya mwanzo, anaelewa kinyume. Hapo utasema anajua kutamka ila haelewi lugha? Anaelewa akiambiwa kwa mdomo. Tatizo ni kasi.

#14 Mama_Wawili
Babu, hili limenigusa. Nikimsomea mimi hadithi anaielewa yote na anauliza maswali magumu. Akisoma mwenyewe anasahau mwanzo wa sentensi.

#15 Babu_Imla
Basi binti yako anahitaji kusoma kwa sauti kifungu kile kile mara kadhaa, wewe ukiwa pembeni. Leo mara mbili, kesho mara moja tena, mpaka kiteleze. Maswali baadaye. Mtoto anasikia mwenyewe kwamba ya tatu imekuwa laini kuliko ya kwanza, na hiyo inampa moyo kuliko vema.

#16 Penseli_HB
Njia hiyo iliandikwa na S. Jay Samuels mwaka 1979, na ripoti ya jopo la taifa la kusoma la Marekani ya mwaka 2000 ilikubali kusoma kwa sauti kwa kuongozwa na mtu. Ila msichukue viwango vya "maneno mangapi kwa dakika" vilivyotengenezwa kwa Kiingereza. Maneno yetu ni marefu, mtoto ataonekana mzito bure.

#17 Dada_Kitabu
Na ripoti hiyo hiyo ilisema kusoma kimya hakusaidii, sivyo?

#18 Penseli_HB
Hapana. Ilisema haikupata ushahidi wa kutosha kwamba kumwachia mtoto asome kimya peke yake kunaongeza ufasaha wa kusoma. Kukosa ushahidi si sawa na kuthibitisha kwamba hakusaidii. Watu wengi wameipotosha hapo.

#19 Mstari_Mwekundu
Mnazunguka sana. Mtoto haandiki kwa sababu haandikishwi! Angalieni karatasi ya #3: kwa ukurasa mzima ameandika herufi mbili mara kumi. Panga maneno? Amenakili. Chagua jibu? Ameviringa. Kwa jioni nzima mtoto hajatunga sentensi hata moja, halafu tunashangaa akishindwa kutunga.

#20 Kaka_Wino
Hapo umemaliza. Na mwandiko je? Wangu yuko awali, nampa zile za kufuatisha nukta nukta. Anafuatisha vizuri mno, ukimpa mstari mtupu herufi zinalala chali. Utafiti si ulisema kuandika kwa mkono ni bora kuliko kompyuta kwa watoto?

#21 Penseli_HB
Unaousikia sana, wa Mueller na Oppenheimer wa mwaka 2014, ulihusu wanachuo wanaoandika wakati wa mhadhara. Wa watoto ni wa James na Engelhardt, mwaka 2012. Walichukua watoto wa miaka kama mitano wasiojua kusoma, wakawapa herufi kwa njia tatu: kuandika wenyewe, kufuatisha, na kubonyeza kwenye kibodi. Kisha wakawapiga picha za ubongo wakati wanatazama herufi hizo. Maeneo ya ubongo yanayohusika na kusoma yaliamka kwa herufi walizoziandika wenyewe, si walizofuatisha wala walizobonyeza.

Kwa hiyo nukta nukta zako zimtambulishe njia ya mkono, mbili tatu, kisha mstari wote uliobaki uwe mtupu. Herufi mbovu aliyoiumba mwenyewe ina faida kuliko nzuri aliyoifuata.

#22 Chaki_Nyeupe
Naongezea upande wa uchapaji, maana watu hupuuza. Fonti nyingi zina *a* yenye kofia juu, wakati mtoto anafundishwa kuandika *a* ya duara na mguu. Anasoma umbo moja, anaandika lingine. Nyingine *I* kubwa na *l* ndogo zinafanana: "Ile" inasomeka kama "lle". Chagueni fonti inayotenganisha. Na kibainishi cha ng' kiangalieni baada ya kuprinti, si kwenye skrini tu. Mara nyingi ukihamisha maandishi kutoka faili moja kwenda jingine kinageuka alama ya ajabu au kinapotea, na mtoto anasoma "ngombe".

#23 Kaka_Wino
Na mistari ya mwandiko. Ukiiruhusu printa ijipunguzie ukurasa utoshee, mistari inabanana mtoto anashindwa. Weka asilimia 100. Rangi achaneni nazo, zinakunywa wino na picha ya katuni pembeni inamfanya mtoto apake rangi badala ya kusoma.

#24 Dada_Kitabu
Mimi nachomeka karatasi kwenye mfuko wa plastiki angavu, anaandika juu yake kwa kalamu ya ubao mweupe, tunafuta, tunarudia. Karatasi moja inatumika muda mrefu.

#25 Babu_Imla
Kwa kuviringa na kujaza, sawa. Kwa mwandiko hapana. Ile kalamu inateleza, mkono haujifunzi kubana wala kukandamiza. Na kikifutwa, huwezi kulinganisha kazi ya leo na ya mwezi uliopita.

#26 Dada_Kitabu
Ndiyo maana naipiga picha kabla ya kufuta, Babu. Teknolojia 😊

#27 Mstari_Mwekundu
Turudi kwenye uzi jamani. Nilisema mtoto atunge. Lakini "andika kuhusu mvua" ni mlima kwa mtoto aliyezoea nafasi za kujaza. Kuna daraja katikati: kuunganisha sentensi. Hii naitengeneza mwenyewe kwa dakika chache:

*Mtoto alikimbia. Mtoto alianguka. Mtoto hakulia.*
Andika ziwe sentensi moja. Tafuta njia mbili.

Wangu waliniletea: "Mtoto alikimbia akaanguka lakini hakulia." "Mtoto aliyekimbia alianguka ila hakulia." Mmoja akaja na "Ingawa mtoto alikimbia mpaka akaanguka, hakulia." Hapo mmepata -ka-, kirejeshi na "ingawa" bila kutaja neno sarufi. Jibu si moja, kwa hiyo hawezi kunakili. Halafu tunasoma zote kwa sauti na kuuliza ipi inafaa kama hadithi ni ya huzuni, ipi kama ni ya kumsifu mtoto.

#28 Penseli_HB
Graham na Perin mwaka 2007 walijumlisha tafiti za uandishi za darasa la 4 hadi la 12. Kuunganisha sentensi kuliinua ubora wa uandishi. Kufundisha sarufi peke yake, kwa kanuni na mazoezi yaliyotengwa, kulikuwa na matokeo hasi. Na Braddock na wenzake walikuwa wamelisema jambo linalokaribiana na hilo tangu 1963.

#29 Fundi_Maneno
Tafiti hizo ni za wanaoandika Kiingereza. Huko nomino haibebi sentensi nzima kama kwetu. Mtoto wa Kiswahili asiposhika ngeli, hata hiyo sentensi moja haiungi: kivumishi, kitenzi, kimilikishi vyote vinapinda. Na wengi wa watoto wanaosoma Kiswahili wana lugha nyingine nyumbani, upatanisho hawausikii kila siku. Mimi sitaacha karatasi za ngeli kwa sababu ya tafiti za lugha isiyo na ngeli.

#30 Mstari_Mwekundu
Hakuna aliyesema uache ngeli, mkuu. Nasema ngeli ziingie ndani ya sentensi za mtoto. Badala ya "Kiti ___mevunjika", mpe: *Kiti kimevunjika. Kiti ni cha babu. Babu amekikalia.* Aunganishe. Akiandika "Kiti cha babu alichokikalia kimevunjika", amepatanisha mara nne kwa mpigo, na amekuwa na jambo la kusema.

#31 Fundi_Maneno
Na akishindwa? Atajuaje ameshindwa wapi kati ya hizo nne? Karatasi ya kitu kimoja inaonyesha kosa lilipo.

#32 Mama_Wawili
Nimerudi na majibu. Asanteni wote.

Karatasi ya Chaki: "kifaru amelala" kapata. "Kijana anasoma" kapata, "viongozi wamekutana" kapata, kijiko pia. "Chumba" kaandika *chumefagiliwa*, "vyumba" kaandika *vyuna giza*. Nilipomuuliza kifaru amejuaje, akasema "kwa sababu ni mnyama, anatembea".

Kiti cha babu: alikaa kimya kwanza, halafu akaandika "Babu amekalia kiti chake kimevunjika." Nikamwomba asome kwa sauti. Akasoma, akasimama, akafuta, akaandika "Babu alikalia kiti chake kikavunjika." Sikumwambia kitu.

Halafu bila kuombwa akaongeza: "Babu akacheka."

#33 Babu_Imla
Mnaona? Alipojisikia kwa sauti ndipo akalitambua kosa. Sikio lake linajua Kiswahili kuliko penseli yake. Endelea kumsomesha kwa sauti, pamoja na kazi zake mwenyewe.

#34 Chaki_Nyeupe
Mimi naona kingine. Kwa viumbe hai kanuni anayo. Kwa ch- na vy- bado ananakili silabi. Karatasi za kawaida zimemficha hapo kwa sababu haziweki chumba, chuma, choo, vyombo. Mpe wiki ya ch/vy tu, kisha uzichanganye na ki/vi.

#35 Mstari_Mwekundu
Nyote mmepita juu ya "Babu akacheka". Mtoto wa "mvua ni nzuri" ameongeza sentensi kwa hiari yake, tena yenye -ka- iliyokaa mahali pake. Alikuwa amekosa jambo la kuandika, si sarufi. Mama, jioni ijayo mpe babu na kiti hao hao, umwambie aendelee.

#36 Fundi_Maneno
Na *vyuna giza* iachwe hivyo hivyo?

#37 Mstari_Mwekundu
Isiachwe, isahihishwe akimaliza hadithi. Ukimkatisha katikati ataurudia ule usalama wa sentensi tatu za mvua.

#38 Msomaji_Wa_Usiku
Mimi ningemsahihisha papo hapo, ila kwa mdomo, bila kalamu nyekundu. Mama_Wawili, kabla hujaamua: zile karatasi anazipata zote akiwa peke yake, au huwa unakaa naye?

#39 Mama_Wawili
Zile za kujaza anafanya peke yake, mimi nasahihisha usiku amelala. Hii ya babu tulikaa pamoja.

#40 Msomaji_Wa_Usiku
Basi kuna jambo jingine ambalo hakuna aliyelitaja, na linavuruga maelezo yote ya juu, likiwemo langu. Hatujui kama ni karatasi iliyobadilika au ni wewe kukaa hapo. Jaribu kinyume: kaa naye kwenye karatasi ya kujaza, kisha mwachie peke yake ya kuunganisha sentensi. Utuletee zote mbili kama alivyoziandika, na makosa yake.